Kikao cha Vipindi, Jumatatu Saa Tatu

Mkurugenzi ameandika ubaoni kwa kalamu nyekundu:
TUFANYE NINI?
Wino umeisha kwenye alama ya kuuliza.
Tupo tisa, na feni moja inayogeuza shingo
kama mtu anayekataa kila linalosemwa.

Nyemo wa masoko anataka tamthilia nyingine ya kutafsiriwa,
matajiri wa ng'ambo wakilia kwenye ngazi za marumaru,
sauti ikitangulia midomo.
Chilongani anataka shindano la kuimba,
majaji watatu, taa za kuzunguka.
"Na zawadi?" anauliza mhasibu.
"Itapatikana."
Mhasibu anacheka peke yake.
Mshahara wa Februari tumelipwa Aprili, tena nusu.

Mimi ni wa mitambo, zamu ya usiku. Siulizwi.
Ninachojua ni kwamba filamu ya yule askari mwenye jicho moja
nimeirusha mara thelathini na moja tangu Krismasi,
na hata mlinzi wetu pale getini,
kwa runinga tuliyompa sisi wenyewe,
hutazama kituo cha wenzetu.

Ningeulizwa ningesema Msalato.
Jumamosi, mnadani, ng'ombe wanashuka kwenye lori na vumbi lao,
dalali anapandisha bei kwa kidole kimoja,
mtu anauza dume huku amegeuka pembeni, hataki kuliona likienda.
Kamera ikae pale kutwa, ifunge mdomo.
Ningesema zabibu za Hombolo,
zinazoozea kwenye makreti mwezi wa tatu kwa kukosa mnunuzi;
mkulima apewe dakika mbili, ataje bei na namba ya simu, basi.
Na mlenda! Miaka sita mpishi wetu wa Alhamisi
anatufundisha uyoga wa kopo,
mlenda haujawahi kuvuka mlango wa studio.

Lakini kuna la Machi, ambalo sijamwambia mtu.

Saa nne na robo usiku filamu ilikwama,
jicho moja la askari limejaa kioo kizima.
Nikabonyeza kamera ya studio, heri kiti kitupu kuliko giza.
Kiti hakikuwa kitupu.
Sechelela wa usafi alikuwa amekaa pale pa mtangazaji,
ndoo miguuni, simu begani,
anamsomea dada yake karatasi ya mgao wa maji:
"Nkuhungu Jumatatu usiku. Ipagala Alhamisi.
Chang'ombe wameandika 'itatangazwa', hao usiwaamini.
We jaza mapipa, na lile sufuria la msibani nalo lijaze."
Maikrofoni ilikuwa wazi.
Dakika kumi na nne sikugusa kitu.

Simu ya mapokezi, ambayo hupigwa na wanaotudai tu,
ikaanza kulia.
Mtu wa Kizota: na sisi je?
Mtu wa Veyula: mwambieni huyo dada arudie, sikuwa na kalamu.
Mama mmoja hakutaja alipo, aliuliza tu
kipindi hiki huwa saa ngapi.

Simu arobaini na mbili. Niliziandika nyuma ya daftari la zamu.
Sechelela alinishika mkono, "Usinifukuzishe kazi, kaka,"
nami nikaliacha daftari kabatini, chini ya nyaya.

"Kuna mwingine?" mkurugenzi anauliza.
Feni inakataa.

Mlango unasukumwa kwa kiwiko. Ni chai,
vikombe tisa, maandazi tisa, hesabu yake haikosei.
Anaweka, haangalii ubao, wala mimi.
Mkurugenzi anapokea kikombe, anainama kidogo,
anauliza chini chini kama anayeomba mkopo:
"Hivi, Ipagala maji bado ni Alhamisi?"

"Wamebadilisha, bosi. Ni leo.
Nyumbani umemwacha nani wa kufungulia bomba?"

Watu wawili wanatoa simu mfukoni.
Nyemo anauliza, "Na Kisasa?"

Daftari liko mapajani kwangu tangu asubuhi,
jalada limelowa jasho.
Nanyoosha mkono.