Kipande Namba 614

Kabla hujaniuliza ndege wako wangapi,
ngoja nikwambie bahari hii ilivyokuwa.

Ilikuwa nyeusi. Si weusi wa usiku,
weusi wa sufuria iliyosahauliwa motoni.
Hapa pwani ya Durham mgodi uliingia chini ya maji,
maili tatu, nne, na baba yangu, Cuthbert Raine,
alikula mkate wake huko, amejikunja kama kiwavi,
samaki wakipita juu ya kichwa chake.
"Leo nimesikia meli," alisema siku moja akinawa.
Mama akamwambia asiwajaze watoto uongo.
Mimi nilimwamini. Bado namwamini.

Taka za mgodi zilisafiri kwa ndoo juu ya waya
zikamwagwa ufukweni, usiku na mchana,
hata mawimbi yakachoka kufua.
Wanaume wasio na kazi walishuka na baiskeli
kuzoa makaa yaliyotemwa na maji,
gunia limelazwa katikati ya fremu,
hawapandi, wanasukuma,
kama watu wanaompeleka mgonjwa hospitali.
Sisi watoto tuliokota vigae vya chupa,
vya kijani, vya buluu, vilivyolainishwa na chumvi,
vya kiwanda kilichokufa kabla bibi hajazaliwa.
Chekundu kimoja kilinunua peremende kumi.
Sikuwahi kupata chekundu.

Kila mchimbaji alikuwa na vipande viwili vya shaba,
kimoja anashuka nacho,
kingine anamwachia mtunza taa, kinatundikwa ubaoni.
Msumari wenye kipande: mtu bado yuko chini.
Jumanne moja ya Novemba msumari wa 614
haukuvuliwa mpaka saa nne usiku.
Mama alisimama langoni, sufuria mkononi,
hajui kwa nini ameibeba.
Kisha baba akatokea, mweusi, mzima,
akauliza kuna nini ndani.
Akafunua. Hamna kitu.
Walicheka njia nzima, na mama alipofika nyumbani
akakaa kwenye ngazi akashindwa kuinuka.

Mgodi ulifungwa. Matingatinga yakaja kuzoa,
na bahari, isiyopenda deni, ikamalizia.
Nyasi zikarudi kwenye genge, okidi,
kipepeo wa kahawia asiyezidi kifungo cha shati.
Halafu wao, buabua wadogo,
uzito wa barua, mdomo wa manjano wenye ncha nyeusi,
kana kwamba waliuchovya kwenye makaa yetu.
Wanatoka Afrika Magharibi, safari yote hiyo,
waje kutaga juu ya changarawe tupu,
yai mfano wa jiwe katikati ya mawe.
Ukilitafuta kwa pupa utalikanyaga.

Ndiyo maana tunakesha, mimi na Bryony,
miaka kumi na saba, kipini puani,
ndani ya kibanda cha mbao kinachonuka mafuta ya taa.
Chai tunachemshia sufuria ileile ya mama.
Usiku wa juzi mbweha aliruka ua;
Bryony akatoka na soksi, kijiko mkononi,
akaigonga sufuria ile mpaka sili kwenye mwamba
wakaangushana majini.
Mbweha akaondoka bila haraka,
kama mtu aliyekumbuka ana miadi kwingine.

Alfajiri tunahesabu.
Viota thelathini na viwili. Jana vilikuwa thelathini na vitatu.
Bryony hasemi kitu, anaandika.
Mimi nakishika kipande cha shaba mfukoni,
kimeisha makali kama vile vigae.

Baadhi yao wana pete mguuni, chuma chembamba, namba.
Leo mmoja ametua karibu, dagaa mdomoni.
Bryony ameinama kwenye darubini, anasoma kwa sauti:
"Sita... moja... simama basi, wewe..."
Akaruka.

Anauliza aandike nini.
Andika ulichokiona, namwambia,
halafu acha nafasi.