Wapangaji wa Gizani

Jemeli amerudi Njoro na picha kwenye simu:
tumbawe jeupe, kama mfupa uliochipua,
kutoka bahari ya kaskazini, mita mia nane chini,
ambako jua ni uvumi
na maji yanang'ata meno.
"Hili halina mwani wa kulipikia," anasema.
"Linaishi kwa makombo yanayodondoka,
na kwa wapangaji."

Wapangaji ni vijidudu.
Wamejaa kwenye ute wake, kodi hawalipi kwa pesa.
Mmoja anageuza taka kuwa chakula,
mwingine analinda mlango,
na wengine, Jemeli anakiri, hatujui wanafanya nini.
Wapo tu.

Mimi kazi yangu ni maji ya hapa.
Kila Jumanne, tone la Ziwa Nakuru chini ya hadubini.
Zamani tone lilikuwa kijani kizito,
nyuzi zimejisokota kama zimepita mikononi mwa msusi,
heroe wakazila, wakawa waridi.
Sasa ziwa limenona kwa mvua, magadi yamezimuka,
nyuzi nazihesabu kwa vidole.
Lakini tone si tupu.
Kuna wengine, wadogo zaidi, wasio na jina daftarini mwangu.
Naandika *wageni*, kisha nafuta.

Kule Mwariki ziwa liliingia kwa Nduta bila hodi.
Lilianza na jiko, likamalizia na kinu cha posho;
kiko chini hadi leo, kinasaga matope.
Alikuja kwangu Kaptembwo na watoto watatu na cherehani.
"Wiki mbili tu, dada."
Huu ni mwaka wa tatu.

Sitaficha: nilijiona mimi ndiye tumbawe.
Nilijisifu moyoni kila nilipoongeza maji kwenye maharagwe.
Mpaka mshahara ulipokwama miezi minne,
na Nduta akaamka saa kumi alfajiri,
akashona sare za shule nzima,
akalipa stima, akalipa nyumba,
wala hakusema neno,
ila alinituma uzi mweusi.

"Waliyaweka kwenye maji vuguvugu," Jemeli anaendelea,
"wakayanyima chakula.
Moja likabadilisha wapangaji, likadumu."
Nachukua kalamu. Ananishika mkono:
"Usikimbie. Jingine halikubadilisha yeyote,
nalo halikufa. Sampuli zilikuwa chache."

*Mgeni njoo, mwenyeji apone.*
Nimelisema mlangoni maisha yangu yote,
jinsi mtu anavyosema karibu huku akitafuta kiti,
bila kulisikia neno la mwisho.
Apone.
Kumbe mgonjwa alikuwa anajulikana tangu mwanzo.

Jioni naingia ndani. Kitanda changu kimesogezwa tena,
vitambaa vya bluu vimepanda hadi dirishani,
mtoto mdogo amelala juu ya kola ishirini.
Navua viatu, natafuta pa kukanyaga.
Ziwa limepanda sentimita nne tangu Jumanne.
Cherehani haijanyamaza.