Mji wa Mimba

Kipande ni kidogo kama ukucha wangu wa mwisho.
Usiku wa jana kilitoka kwa mama aliyepasuliwa hapa Muhimbili;
alitia sahihi, nasi tukampa jina: Kumi na Saba.
Nimekifunga uzi huku na huku, nimekining'iniza
katika maji ya chumvi yenye joto la mwili.
Kalamu ya mashine inachora. Mstari umelala.

Mama mkwe, kule Mbagala, anadhani napima mikojo.
Tumbo langu la wiki thelathini na moja
hugusa meza kabla ya mikono.

Miezi yote ile, Kumi na Saba, hodi zilipigwa.
Oksitosini ilizunguka damuni ikigonga kuta,
milango ilikuwa haba.
Projesteroni, mjumbe wako wa nyumba kumi,
alipita seli kwa seli: fungeni,
zibeni kichochoro cha kwenda kwa jirani,
kila mmoja alale asimsikie mwenzake akikohoa.
Mji wa mimba, tunasema.
Mji, kweli. Na jina la jiji letu
lingeufaa kuliko linavyotufaa sisi.

"Tia," ananiambia Pazi.
Tone moja. Nahesabu. Ishirini na mbili,
mstari unanyanyuka.

Estrojeni ilishatoboa milango, kimya kimya, wiki za mwisho.
Sasa hodi inaitikiwa.
Kalsiamu inamwagika kutoka ghala za ndani,
seli inashtua seli,
Kariakoo alfajiri, mabati ya maduka yakipandishwa,
moja, la pili, halafu mtaa mzima kwa kishindo,
na nyama isiyo na mtu inavuta uzi
kana kwamba kuna wa kusukumwa.

Uchungu.
Neno hilohilo la shubiri, hilohilo la msiba.
Sijui kama lugha iliishiwa au ilijua.

Na wewe uko ghorofani, kitanda cha dirishani.
Mwanao akivuta ziwa
mji uliobaki unajikunja, unarudi udogo wake,
na chake hiki kipande
kinajikunja huku chini, kwenye glasi,
hakijaambiwa kuwa kimehama.

Pazi anaandika saa. Mimi nashika ukingo wa meza:
tumbo langu nalo limekaza, gumu kama nazi,
kisha likalegea.

Bado, namwambia. Tulia.
Mjumbe hajapita.