Ritifaa

Newala, Septemba, saa moja asubuhi.
Ukungu umekaa juu ya bati za ghala
kama mdai asiye na haraka.
Nimewasha mashine kuukuu,
pacha wa ile inayopokea korosho:
programu zilezile, printa ileile ya kelele,
daftari lilelile la wakulima elfu moja mia mbili na saba,
nakala tu, si roho yenyewe.
Ikifa hii, hakuna atakayelia.

Mfumo utoke toleo la kumi na nane uende ishirini.
Barua ya chama kikuu ilisema hivyo tu:
jaribuni kabla ya mnada wa kwanza.
Bofya. Ndiyo. Kubali. Ndiyo.
Mstari wa kijani unatambaa,
asilimia tatu, asilimia tatu, asilimia tatu,
nne.

Katibu Litunu anachungulia mlangoni:
"Somoe, imeiva?"
Hiki si chungu cha mbaazi, katibu,
hakiivi kwa kuchunguliwa.

Sitini na mbili. Nikanyoosha mkono,
nikachomoa waya ukutani.
Akashika kichwa. "Umeiua!"
Sijaiua. Nimeuiga umeme wetu.
Novemba hautatuomba ruhusa, foleni ikiwa imefika barabarani;
heri nijue leo
kama ikizinduka itakumbuka ilipoishia
au itaniuliza mimi nani.

Ikazinduka. Ikaendelea na hesabu
kama mama aliyekatizwa na hodi.

Saa nane mchana, toleo jipya.
Herufi nyembamba, zimenawa uso.
Kilo zimetimia. Senti zimetimia.
Printa ikakohoa, ikatema stakabadhi.
"Andika imefaulu," katibu akasema, "tukale."

Nikasoma kwanza. Kwa sauti,
kama mtu anavyosomewa barua yake:
Hassani Nantipi, magunia manne.
Fadhila Chilindima, gunia moja na nusu.
Bakari Ng?itu,

nikanyamaza.

Alama ya kuuliza katikati ya jina.
Mtu anaulizwa ukoo wake
na kitu kilichozaliwa leo mchana.

Nikawahesabu: sitini na mmoja,
wote wamevunjika palepale, sauti inapopanda puani.
"Kialama tu hicho," katibu akasema. "Kinyesi cha inzi."
Kinyesi cha inzi!
Mwaka juzi hicho hicho
kilimpeleka Bakari Ng'itu benki mara saba:
jina la kadi si jina la orodha,
rudi Jumatatu. Rudi. Rudi.
Korosho zake zilishavuka bahari, zimebanguliwa,
zimeliwa na watu wasiomjua,
yeye angali anakopa nauli.

Nikarudisha toleo la zamani. Nalo ni jaribio hilo,
kuijua njia ya kurudi kabla hujaihitaji.
Dakika arobaini, chai imepoa,
majina yakarejea na ving'ong'o vyao.

Fomu ina visanduku viwili tu.
Nikatia tiki penye Haijafaulu,
na chini yake, kwa kalamu, maana mashine siiamini bado:
Umeme, sawa. Kilo, sawa. Fedha, sawa.
Watu sitini na mmoja, hapana.

Katibu alikwenda kula peke yake.
Mahali pa jina la mjaribu hawakupaweka,
nikaliandika pembeni, Somoe Mang'anya,
na ile ritifaa nikaikandamiza
hadi karatasi ikatoboka.