Theluthi ya Mtoto

Zilipanda Jumatano mgongoni mwa Mama Nsimire,
kamba imembana paji la uso,
kwa kuwa gari lilishindwa na tope la Kadutu
na ngazi za shule yetu hazitaki gurudumu.
Safari tatu, katoni tatu.
"Leo mzigo mwepesi," akasema. "Saruji ndiyo hunivunja shingo.
Kuna nini humu?"
"Elimu," prefe akajibu, akitafuta noti ndogo za kumlipa.
Mama akacheka kidogo, akafunga kitenge upya.
Mwanawe Ganza alitolewa darasani kwangu
mwezi wa kumi na moja, kwa deni la karo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Niligawanya kabla sijaombwa:
wanafunzi sitini na wanne, kompyuta kumi na mbili,
kila moja watoto watano na theluthi ya mtoto.
Usiku nilikesha na yule theluthi.
Ana macho mangapi? Anabonyeza kwa kidole gani?

Siku ya kwanza umeme ulikuwepo.
Vifuniko vikafunguka, nyuso zikafungwa.
Miaka kumi na tisa nimelisoma somo langu katika nyuso hizo:
Mugisho akielewa hujikuna sikio,
Bashige akitaka kudanganya hulitazama ziwa dirishani.
Sasa mbele yangu plastiki ya kijivu, na nywele juu yake.
Nikaikwaruza chaki makusudi, ile sauti inayotia ganzi meno.
Hakuna aliyeshtuka.

Siku ya tatu umeme ukaenda zake.
Jenereta ikadai petroli,
petroli ikadai kipande cha posho yetu,
na chumba cha walimu kikajaa wanafalsafa.
Nami nilikuwa na hotuba yangu tayari:
chaki haiombi chaji,
ubao hauibiwi usiku,
mvua ikivuja tunaupangusa tunaendelea.
Hotuba nzuri. Ningeitoa Ijumaa.

Alhamisi umeme ulirudi dakika arobaini.
Nabintu wa benchi la nyuma,
yule niliyemwandikia "mvivu" mara mbili kwenye ripoti,
alikuwa amegundua namna ya kukuza maandishi.
Akayakuza, akayakuza,
mpaka herufi moja ikajaa kioo kizima.
Akaniita, si kwa sauti kubwa:
"Mwalimu, hii imelala upande."
Nikamwendea. Ilikuwa x.
"Pale ubaoni mimi huiona imesimama," akasema.
"Huwa najumlisha."

Miaka miwili.
Kila kisichojulikana nilichomwekea ubaoni
alikijumlisha, kwa uaminifu, kwa mwandiko safi,
akavuna sifuri zangu za wino mwekundu.

Usiniambie basi kwamba mashine imeshinda.
Alihitaji miwani. Alihitaji benchi la mbele.
Alihitaji mtu ashuke jukwaani, hatua tisa,
nami magoti yangu yalikuwa mazima muda wote huo.
Lakini sikushuka,
na kile kidude cha kijivu kilimfikia.
Sijui niiweke safu gani hesabu hiyo.

Ijumaa sikusema kitu.

Sasa zimo ofisini kwa prefe, chini ya kufuli mbili,
zikingoja umeme, au mkaguzi, atakayetangulia.
Karatasi ya wafadhili inauliza: Je, wanafunzi wanazihitaji?
Visanduku viwili, ndiyo na hapana. Weka alama ya x.
Wiki ya pili imo mfukoni mwa koti langu, inalainika.

Siku hizi naandika kubwa.
X yangu ni mapanga mawili yaliyopishana,
chaki inaisha kabla ya saa nne
na mtunza stoo ananung'unika.

Jana, nikishuka ngazi, nilimpisha Mama Nsimire na saruji yake.
Sikuthubutu kumuuliza habari za Ganza.
Niligawanya tu, kimyakimya, kama mwizi:
sitini na watano kwa kumi na mbili.
Yule theluthi aliongezeka kimo kidogo.