Betri Mbili za Tochi

Barabara ya Nane, duka la Taherali.
Ndani ya kabati la kioo
vijidude vitatu vimelala kama mayai ya kanga,
wala hakuna ajuaye lipi viza.

Nimeshuka mjini na kibali mfukoni:
pofu mmoja, mwezi mmoja, pori la nyuma ya Kwamsisi,
na hela za ufuta zimefungwa kwenye leso
ya mke wangu Mwanamvua
aliyeniambia stendi, mbele za watu:
usinirudie na redio.

Cha kwanza kina uso mpana, king'aacho.
Ramani ina rangi, vijito vya buluu,
vilima vya hudhurungi, raha tupu.
Nikauliza: na kidole chenye damu je?
Chenye jasho, chenye mafuta ya bunduki?
Taherali akakohoa.
Nikachovya kidole kwenye glasi yake ya maji,
nikagusa.
Ramani ikaruka hadi Mombasa.

Cha pili huchajiwa kwa waya,
kinakesha saa kumi na sita.
Saa kumi na sita!
Pofu aliyejeruhiwa hatembei kwa saa za ofisi.
Na kule porini waya nitauchomeka wapi,
kwenye kichuguu?

Cha tatu sura hakina.
Kinene, cheusi, pembe ya mpira kichwani
kama mtoto wa kifaru,
vitufe vigumu vya kubonyeza kwa kucha.
Lakini kinakula betri mbili za tochi,
zile zile anazouza Bi Kidawa pale Mkata
kati ya chumvi na viberiti.

Nikasema nitoke nacho nje.
Taherali akanipa kijana wake anisindikize
(mimi au kidude, sijui alimlinda nani)
tukasimama chini ya mkungu, penye majani mazito,
maana duka lolote lina dari jepesi kuliko msitu.
Mstari mmoja. Tukangoja. Wa pili.
Bodaboda mmoja akaniuliza: mzee, unampigia nani?
Nikamwambia: nyota.
Mara kikasema:
kusini nyuzi tano, dakika nne,
mashariki thelathini na tisa, dakika sita.
Miaka hamsini na nane niko duniani,
hajapata mtu kunieleza nilipo
kwa maneno machache hivyo.

Kijana akauliza: zamani mlirudije?

Nilitaka kumtajia mpingo uliopigwa radi,
jiwe lenye mgongo wa kobe,
mambo ambayo wazee husifiwa kwayo.
Uongo.
Nilikuwa na Sijali.

Usiku ule ng'ambo ya Msangazi,
ukungu magotini,
mimi nashika njia yangu, nina hakika nayo,
yeye kakaa chini, mkia kimya.
Nilimtukana. Nikamrushia kijiti.
Kisha nikamfuata, kwa hasira, kama mtu aliyeshindwa kesi.
Alizunguka mbali, akatafuta kivuko,
na alfajiri nikamsikia jogoo wa kwetu.

Kidude hiki kina mshale.
Mshale unanyoosha tu,
haujui mto umejaa.
Hilo nililiona pale pale chini ya mkungu
na bado nikafungua leso.

Tukavutana bei mpaka adhana ya alasiri.
Akapunguza kidogo,
akaniongezea kamba ya kuvalia shingoni.

Nyumbani nikapita moja kwa moja hadi nyuma ya jiko,
penye mawe matano na kopo la bati.
Mwanamvua akaja na taa.
Hiyo siyo redio?
Siyo.

Kidude kikataka jina la mahali.
Kitufe juu, kitufe chini, herufi moja moja,
S, halafu I, halafu J, nikapitiliza, nikarudi,
mbu wananimaliza miguu.

Akachungulia begani kwangu.
Si ungeandika nyumbani?

Nimeandika.