Mtikiso wa Sitini

Hamsini na tano, kimya.
Hamsini na nane, kioo cha pembeni kinaanza kunong'ona.
Sitini, na kiti kinanigonga mgongoni
kama mtu mwenye neno, hajui aanzie wapi.
Nikivuka themanini huacha.
Lakini Barabara ya Mandela, na malori yale,
nani anavuka themanini?

Nabeba samani kutoka Keko.
Pikapu ni ya mwaka tisini na nne, rangi yake ishasahaulika.
Wiki ile kabati la bibi harusi wa Tabata
lilifika na ufa kwenye kioo,
mstari mmoja, kona hadi kona.
Nikalipa. Nikamwomba radhi mama yake.
Nikarudi na hasira, na sina wa kumkasirikia.

Gerezani waliinua boneti kabla sijazima injini.
"Gia boksi hiyo, mama, ishakufa.
Milioni moja na laki nane, unaondoka nayo kesho."
Hakulala chini. Hakuchafua hata goti.
Nikaitazama suruali yake, safi kama ya karani,
nikamwambia nitarudi.
Nitarudi, kwa Kiswahili chetu, ni kwaheri.

Mbwana Kisauti yuko Vingunguti, jirani na machinjio,
kunguru wamepanga foleni juu ya mabati yake.
Boneti hakuigusa.
Aliomba chupa ya maji, akainywa nusu,
nusu akaisimamisha kwenye dashibodi. "Twende."

"Unatetemeka usukani, au makalio?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Mikononi ni tairi za mbele. Makalioni ni huko nyuma.
Nijibu kwa heshima zako, lakini nijibu."
"Makalioni," nikasema, nikitazama barabara.

Sitini: maji yakaota mikunjo.
"Tia niutro." Injini ikashusha sauti,
mikunjo ikabaki palepale.
Gia ya tatu, sitini. Gia ya nne, sitini. Yaleyale.
Tukaegesha, nikakanyaga mafuta mpaka kunguru wakaruka,
na maji yametulia kama ya mtungini.
"Injini haina kosa," akasema. "Muombe msamaha.
Huyu anafuata mwendo wa magurudumu."

Tairi za nyuma zikaenda mbele, za mbele nyuma.
Tukazunguka tena. Bado.
Akatandika boksi la televisheni, akaingia chini,
nikabaki naongea na soli za viatu.
"Krosi nzima, hazina mchezo." Kimya.
Kisha soli zikauliza:
"Senta beringi alibadilisha nani?"

Mimi ndiye niliyemharakisha Chande, mtoto wa dada,
siku ile vitanda sita vinasubiri Mbagala.
"Shafti aliipiga alama kabla hajaichomoa?"
"Alama gani?"
"Njoo uone."

Nikajifunga kanga vizuri, nikalala kwenye boksi.
Shafti ina vipande viwili, vinaingiana kwa meno.
Uma wa huku umesimama, uma wa kule umelala,
mke na mume waliopeana visogo.
Akakwangua tope kwa kucha:
doti ya rangi nyeupe huku,
na mwenzake yuko upande wa pili kabisa, tangu Februari.

Akachomoa. Akazungusha. Doti ikatazamana na doti.
Grisi ya elfu tatu.
"Na elfu kumi na mbili ya kulala chini," akasema,
"maana hiyo ndiyo kazi."

Sitini, barabara ya uwanja wa ndege.
Maji hayakusema kitu.
Nikarudia sitini, nikarudia tena,
mgongo wangu ukimtafuta yule mtu.

Chande sikumgombeza. Nilimnunulia kopo dogo la rangi nyeupe,
akadhani ni la kuandika namba ya simu mlangoni.
Kioo cha Tabata hakuna aliyenirudishia.

Chupa haijatoka kwenye dashibodi.
Leo asubuhi, arobaini tu,
kuna kitu kinalia kushoto, kidogo, kama panya.
Nimezima redio.